Jina lililobaki kwenye fomu ya Baba

Baba alipofariki tulijua ameacha wosia. Alikuwa ametuambia mwenyewe, na siku ya nne tuliupata ndani ya sanduku lake la nyaraka: umesainiwa, una mashahidi wawili, kila ukurasa una namba. Nakumbuka Mama alivyoshusha pumzi. Kumbe kitakachotuvuruga hakikuwa humo sandukuni. Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja aliyoijaza akiwa na miaka 24, wiki yake ya kwanza kazini, kabla hata hajamjua Mama.

Fomu ile iliuliza nani alipwe mafao yake endapo atafariki, naye akaandika jina la kaka yake. Miaka zaidi ya 30 ikapita. Akaoa, akapata watoto watatu, akajenga, akaandika wosia unaosema mali yake yote iende kwa mkewe na wanawe. Fomu ikakaa vilevile kwenye faili la mwajiri. Katika mifumo mingi ya pensheni na bima ya maisha, malipo humwendea aliyetajwa kwenye fomu bila kupitia mirathi, kwa hiyo wosia wa Baba haukuwa na kauli juu ya pesa zile.

Baba mkubwa ni mtu mwema, na tangu mwanzo alisema pesa ni za Mama. Lakini naye ana mke na watoto, ana madeni, na hawakukosekana watu wa kumnong'oneza kwamba ndugu yake alijua alichokuwa anaandika. Ilituchukua miezi 14 kumaliza. Pesa zilifika kwa Mama. Ila katika miezi ile watu waliozoea kulia sahani moja walikuwa wakipishana mlangoni bila salamu, na hilo halijapona lote mpaka leo.

Mimi si wakili. Ninayoandika hapa ni niliyoyapitia, na niliyojifunza baadaye nikiwasindikiza ndugu na marafiki kwa mawakili. Sheria za mirathi hutofautiana sana. Ufaransa, kwa mfano, mzazi hawezi kuwanyima watoto wake fungu lililolindwa na sheria: mwenye mtoto mmoja ana uhuru na nusu tu ya mali yake, mwenye watatu au zaidi ana uhuru na robo. Kwa Waislamu walio wengi, wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na theluthi hiyo haiandikiwi mrithi ambaye tayari ana fungu lake, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kwingine unaweza kumwachia mali yote mtu baki. Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, muulize mtaalamu anayejua sheria inayokuhusu wewe na mahali mali yako ilipo.

Jambo moja nina hakika nalo: karatasi hubaki na umri wa siku ilipoandikwa. Wewe unaoa, unazaa, unaachana, unazeeka, yenyewe haisogei. Ndiyo maana sipendi watu wanaposema "mimi nilishamaliza mambo ya wosia". Ulimaliza ya umri ule.

Kijana asiye na mume wala mke wala mtoto huona haya hayamhusu, na kwa kweli mahitaji yake ni machache. Lakini ndiye anayejaza fomu nyingi kuliko mtu yeyote: kazi mpya, akaunti mpya, bima, mfuko wa akiba. Binti yangu alipoajiriwa mwaka jana alinipigia simu: "Mama, hapa pa mnufaika niandike nani?" Nilimwambia aandike jina la mdogo wake au langu, lakini apige picha fomu ile na kuandika tarehe, kisha aniletee nakala. Siku atakayofunga ndoa, nakala ile itatukumbusha kwamba kuna jina la kubadilisha. Kama huna kumbukumbu ya fomu ulizojaza, anza na mwajiri wa kwanza uje mpaka wa sasa, uliza kila mmoja jina gani limeandikwa. Utashangaa.

Ndoa hubadilisha mambo kimyakimya. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, kufunga ndoa hufuta wosia ulioandika kabla yake, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Talaka nayo si lazima ifute jina la mtalaka wako kwenye fomu ya bima. Wanandoa wanaonunua nyumba kwa pamoja wamuulize wakili swali hili kwa maneno haya haya: mmoja wetu akifa, sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki au kwa warithi wake? Umiliki wa pamoja uko wa aina zote mbili, na hati za aina hizo ukizitazama juujuu unaweza kudhani ni kitu kimoja.

Kisha wanakuja watoto. Hapa ndipo ningependa mtu asimame kabisa, afunge mlango, azime simu.

Mimi na mume wangu tulichelewa kuandika wosia kwa zaidi ya mwaka, na haikuwa kwa sababu ya mali. Hatukukubaliana nani awalee wanetu kama sote wawili tungeondoka. Mimi nilimtaka dada yangu, kwa sababu watoto wamezoea kulala kwake na ana subira. Yeye alimtaka kaka yake, kwa sababu ana mkono mzuri wa fedha na hatatapanya. Kila tulipoanza mazungumzo yale yaliishia kwenye kununa, na daftari likarudi kabatini. Wakili ndiye aliyetufungua macho. Alisema tunabishana juu ya kazi mbili kana kwamba ni moja. Anayemlea mtoto, kumpeleka shule na kumbembeleza usiku ni mtu mmoja. Anayetunza pesa za mtoto na kuzitoa kwa mpangilio anaweza kuwa mwingine. Mtoto mdogo kwa kawaida hawezi kushika urithi mkononi, lazima mtu mzima amshikie, na mkiacha bila kutaja jina mahakama itawachagulia. Tukamtaja dada kuwa mlezi, shemeji kuwa mdhamini wa pesa. Wanachungana, na wote wawili wanajua.

Hilo la kujua ni kubwa. Nimeona familia moja ambapo mlezi aliyetajwa alilisikia jina lake mara ya kwanza wosia ukisomwa, na akakataa. Alikuwa anamuuguza mama yake mzazi na hakuwa na nafasi ya watoto wawili. Muulize mtu kabla, mpe siku za kufikiri, na utaje wa pili iwapo wa kwanza atashindwa au atatangulia. Msimamizi wa mirathi naye mpe heshima hiyo hiyo. Kazi yake si cheo. Atakusanya mali, atalipa madeni na gharama, atagawa, na atalaumiwa na kila upande.

Amueni pia mtoto atapokea lini. Msiposema kitu, mara nyingi sheria itamkabidhi akifika utu uzima, ambao nchi nyingi zimeuweka miaka 18. Sisi tuliandika kwamba ada na matibabu vilipwe wakati wowote, na kilichobaki wakipate wakiwa na miaka 25. Kama una mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji matunzo maisha yake yote, usimwandikie tu jina ukadhani umemtendea haki. Mwombe wakili akueleze namna ya kuweka mali kwenye amana, yaani mali inayoshikwa na mtu mwingine kwa ajili yake, inayomhudumia, kwa kuwa kuna nchi ambako pesa zikiingia moja kwa moja kwa jina lake anapoteza msaada anaoupata serikalini. Bima ya maisha nayo hukatwa mapema, mtu akiwa kijana na mzima, ndipo inapokuwa nafuu.

Miaka ya kati mimi naiona kuwa na hatari nyingi kuliko uzee, kwa sababu ndipo mtu ana shughuli nyingi na muda mchache. Kuna biashara: nani ana mamlaka ya kulipa mishahara wiki moja baada ya kifo chako? Kuna ndoa ya pili, na watoto wa kambo ambao umewalea tangu wakiwa wachanga lakini ambao, bila wosia, sheria za nchi nyingi haziwahesabu kuwa warithi wako. Na kuna madeni, ambayo hulipwa kwanza kabla warithi hawajagawana chochote. Andika unachodaiwa na unachowadai watu, na ushahidi uko wapi. Tuliona aibu sana mtu alipokuja na karatasi yenye saini ya Baba, nasi hatuna hata mstari mmoja wa kuthibitisha kwamba deni lile alishalilipa. Tukalilipa tena.

Nyaraka zenyewe zikae wapi? Mwimbaji Aretha Franklin alifariki mwaka 2018 ikidhaniwa hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana nyumbani kwake karatasi alizoandika kwa mkono, mojawapo ya mwaka 2014 ikiwa ndani ya daftari chini ya mto wa kochi. Wanawe wakasimama pande tofauti, na ilipofika 2023 ndipo baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba karatasi ile ya kochini ni wosia halali. Wosia wa zamani ukiandika mpya, ufute waziwazi ndani ya ule mpya. Mwambie msimamizi ulipo wosia halisi. Na shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, maana sehemu nyingi hilo humpotezea fungu lake.

Nywila usiziandike ndani ya wosia, kwa sababu katika nchi nyingi wosia ukishapita mahakamani unaweza kusomwa na yeyote. Ziweke kando, kwenye bahasha iliyofungwa au programu ya kutunza nywila. Google tangu 2013, Facebook tangu 2015 na Apple tangu 2021 wanakuruhusu kumtaja mtu wa kushughulikia akaunti yako ukiwa haupo. Ni kazi ya dakika chache. Picha zote za Baba za miaka yake ya mwisho zimo ndani ya simu ambayo hatujawahi kuifungua, na Mama bado anaichaji.

Uzeeni jambo la haraka si kifo, ni akili na afya. Hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu uwezo wa kusaini kwa niaba yako, lazima uisaini ukiwa na fahamu timamu. Ukingoja mpaka kumbukumbu ianze kupotea, umechelewa. Nyingine hukoma mwenye nayo anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati ule ule anapoihitaji, kwa hiyo uliza kama yako imeandikwa iendelee. Na zote hukoma kwa kifo. Nimemwona kijana akitoa pesa benki siku tatu baada ya mazishi kwa hati ya marehemu mama yake, akiamini anafanya jambo la halali, na ndugu zake wakamwita mwizi.

Mama yangu sasa ana miaka 78. Mwezi uliopita alituita sote watatu, akatoa karatasi zake na kusoma anavyotaka. Nyumba anamwachia mdogo wetu wa mwisho, ambaye amekaa naye tangu Baba afariki na kuacha kazi ili amhudumie. Mimi na kaka tunapata kiwanja na akiba. Alieleza sababu moja baada ya nyingine, hakuharakisha. Nilikubali. Kaka alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema haoni kama ni sawa, kwa kuwa paa la nyumba ile alilibadilisha yeye kwa pesa zake. Mama hakuwa analijua hilo. Baba alimwambia ni pesa ya mkopo. Mama aliomba risiti. Kaka anazo, ataleta Jumamosi, na Mama amesema mpaka hapo hatasaini.