Je, mwanangu ajiunge na kamati ya polisi jamii?

SWALI: Mhariri, assalamu aleikum. Mtaani kwetu Mishomoroni, polisi wakishirikiana na chifu na wazee wa mtaa wametangaza baraza pamoja na mashindano ya kandanda ya vijana, wakisema wanataka kujenga uhusiano mwema na wananchi. Mwanangu wa miaka 19 amealikwa kucheza, na mzee wa mtaa amependekeza awe mwakilishi wa vijana katika kamati ya polisi jamii. Mwaka jana kijana huyu alichukuliwa katika msako akiwa maskani, pale vijana wanapobarizi, pamoja na wenzake, akalala ndani usiku mmoja, kisha akaachiliwa bila kushtakiwa. Isitoshe, nachelea wenzake wasije wakasema anawauza kwa polisi, na kwetu, penye vijana wa mapanga, maneno hayo ni hatari. Nimruhusu au nimzuie? – Mama mzazi, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Wasiwasi wako una msingi. Mwanao ni mtu mzima, kwa hiyo uamuzi ni wake, lakini ushauri wa mama haupotei bure, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Mpira usikusumbue, na acheze. Kombe halimfungi mtu kwa lolote, ingawa siku moja ya kandanda, hata askari wakivaa jezi, haitoshi kuitwa polisi jamii.

Lenye uzito ni kamati. Ibara ya 244 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ikuze uhusiano wake na jamii, na kifungu cha 96 cha Sheria ya Huduma hiyo, ya mwaka 2011, kinaeleza ushirikiano huo ni wa nini: mawasiliano baina ya polisi na wakazi, huduma iliyo bora, na vilevile uwazi na uwajibikaji wa polisi wenyewe. Hili la mwisho ndilo husahauliwa. Tangu serikali ianze kuhimiza mpango wa Nyumba Kumi, yaani majirani kushirikiana katika ulinzi wa mtaa wao, mwaka 2013, kwa kufuata mfano wa Tanzania, wananchi wengi wamedhani kwamba kazi yao ni kupeleka habari kituoni tu, na kwamba kituo hakidaiwi majibu. Sivyo. Mjumbe wa kamati ana haki ya kuuliza kama alivyo na wajibu wa kueleza.

Ama hofu ya kuitwa msaliti, mengi yanategemea anachokisema. Kuna kueleza mahali, na kuna kumtaja mtu. Kijana akisimama akasema kwamba kichochoro fulani hakina taa na kina mama wanaotoka kuuza mahamri na viazi karai huporwa simu hapo baada ya Isha, hajamuuza yeyote. Akitaja jina la mwenzake mbele ya umati, amejihatarisha, na pengine amemchafua asiye na hatia. Mwenye habari za uhalifu unaopangwa na apige 999 au 112, au amwone faraghani afisa anayemwamini. Afisa anayemshurutisha kijana ataje majina hadharani hajali usalama wake, na hapo mwanao anyamaze bila kuona haya.

Sasa usiku ule aliolala ndani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo baraza litakapopimwa. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa upesi sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, haki ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia mahakama ikiwa imefungwa. Kukaa maskani peke yake si kosa. Basi aulize, kwa heshima: wanaochukuliwa katika msako huandikwa wapi, na nani huwaarifu wazazi? Nimehudhuria baraza chini ya mkungu ambapo mkuu wa kituo, alipoulizwa swali la namna hiyo, alitoa kalamu mfukoni akaliandika, na mkutano uliofuata akaanza kwa kulijibu. Nimehudhuria jingine ambapo kijana alinyang'anywa kipaza sauti kabla hajamaliza sentensi, na vijana wote wakaondoka naye.

Mkitaka kulalamika rasmi, Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, ina ofisi hapa Mombasa, na mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa, yaliyo papa hapa mjini, yana uzoefu wa kesi kama hizi. Andikeni tarehe, saa, mahali alipochukuliwa na jina la kituo. Nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, ikiwepo, iambatanishwe.

Kabla hajakubali kuwa mjumbe, aulize wajumbe wamechaguliwaje, kama kumbukumbu za vikao huandikwa na kusomwa, na kama polisi hurudi na majibu. Kamati ikiwa ni ya wazee watupu na yeye peke yake, asikubali mpaka aongezewe vijana wenzake wawili au watatu, wasichana wakiwemo, kwa sababu kijana aliye peke yake ndiye anayenyooshewa kidole mtaani.