Baiskeli kando ya mto Mayenne: kilomita 85 bila gari, na yanayoharibu safari

Msomaji anayeishi Ulaya ameandika kuuliza. Ana baiskeli, ana wiki moja ya likizo, na anataka kuzunguka mashambani Ufaransa mahali ambapo lori halitampita ubavuni. Wenzake wamemwambia aende kwenye njia ya baiskeli ya mto Loire.

Nasema hapana, Loire isiwe ya kwanza. Njia ile ina takriban kilomita 900 na uzuri wake unajulikana, lakini sehemu kubwa ni barabara za vijijini ambazo magari nayo hupita. Ni machache, kweli, ila kwa mtu aliyebeba mizigo na hajazoea, gari moja linalokuja kwa kasi kwenye kona linatosha kumharibia siku. Inaniuma kuona kila njia yenye kibao cha baiskeli ikiuzwa kwa watu kama njia isiyo na magari. Anayetaka njia ya namna hiyo kikweli aende Mayenne.

Mayenne ni mto, ni mji, na ni jina la mkoa, magharibi mwa Ufaransa, kusini ya Normandie. Katika karne ya 19 mto ulitengenezwa kwa mabwawa mafupi na malango ya maji ili mashua za mizigo zipande na kushuka, na ukingoni palikuwa na njia ya waliozivuta mashua kwa kamba, watu na farasi. Wafaransa huiita halage. Hiyo ndiyo njia ya baiskeli ya leo: kilomita 85 toka mji wa Mayenne hadi kijiji cha Daon, kupitia Laval na Château-Gontier. Ni kipande cha njia ndefu iitwayo La Vélo Francette, inayoanza Ouistreham pwani ya Normandie na kuishia La Rochelle, zaidi ya kilomita 600.

Kosa la kwanza hutokea kwenye tiketi. Mji wa Mayenne hauna treni ya abiria, wala Château-Gontier. Stesheni yako ni Laval, saa moja na dakika chache kwa TGV, yaani treni ya mwendo kasi, kutoka stesheni ya Paris Montparnasse. Baadhi ya TGV zina nafasi za baiskeli nzima, ila ni chache na lazima uweke nafasi pamoja na tiketi yako. Zikijaa, fungua magurudumu uitie baiskeli kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90, nayo itahesabiwa kama begi. Mfuko wa kitambaa chepesi unakunjika na kukaa chini ya keria. Usinunue sanduku gumu, maana hutakuwa na pa kuliacha.

Ukishafika Laval, panda kwanza kaskazini hadi mji wa Mayenne, kama kilomita 35, ulale huko, kesho yake ugeuze uso kusini. Wengi huruka kipande hiki kwa sababu ni kwenda na kurudi. Wanapoteza. Bonde hapa ni jembamba, miti inafunika njia, na maporomoko madogo ya kila bwawa yanasikika kabla hujayaona. Mwinuko haupo wa kuuzungumzia. Unapanda kidogo penye lango la maji, kisha ni tambarare hadi lango lijalo. Upepo ndio wa kuangalia. Magharibi mwa Ufaransa mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi, kwa hiyo ukienda kusini unaupokea usoni kila mahali bonde linapofunguka. Panga kilomita 40 hadi 50 kwa siku, mwendo wa kilomita 13 hadi 15 kwa saa. Hiyo ni njia ya mchanga ulioshindiliwa, usipige hesabu ya lami.

Mchanga huo ndio unaoamua vifaa. Matairi membamba ya milimita 25 au 28 yatapita siku kavu, na mvua ikinyesha yatachimba. Chukua upana wa milimita 35 hadi 42. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye mizigo, tairi la milimita 40 lipate upepo wa bar 3 mbele na 3.5 nyuma. Ukijaza hadi mwisho wa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, mizizi ya miti iliyoinua njia itakugonga mgongo na kulegeza nati zote za keria. Nati hizo zikazwe kila asubuhi bila kukosa, hasa ile ya chini karibu na ekseli, ambayo ndiyo hubeba uzito. Ikidondoka, keria huyumba, begi huingia kwenye spoki, na safari imekwisha. Beba nati na skrubu mbili za akiba za ukubwa wa M5.

Cheni nayo. Mvua hupiga mchanga laini juu ya mafuta, na mafuta mazito yakishika mchanga yanageuka msasa. Jioni futa cheni kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kisiwe cheusi sana, kisha tone moja dogo kwa kila kiungo, zungusha pedali, futa tena yaliyobaki nje. Mafuta yanatakiwa ndani ya viungo. Ya nje hayasaidii kitu. Breki za rimu zikianza kukwaruza, simama palepale uondoe chembe kwenye mpira kwa ncha ya kisu, la sivyo zitachora mifereji kwenye rimu.

Pancha za huko zina chanzo chake. Mashamba yamezungushiwa ua wa vichaka vya miiba, na mashine zikipita kuzikata, miiba hubaki njiani. Ukivua tyubu, usikimbilie kuweka mpya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kitakwama penye mwiba. Asiyefanya hivyo hupata pancha ya pili ndani ya dakika kumi na kulaumu tyubu. Tyubu mbili, viraka sita, solusheni ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka), na pampu inayokubali valvu nyembamba na nene.

Mizigo isizidi kilo 12 hadi 15, vitu vizito chini. Spoki inayokatika karibu kila mara ni ya gurudumu la nyuma, upande wa giya, kwa kuwa upande huo spoki zimekazwa zaidi. Ikikatika, itoe au ifunge kwa jirani yake. Rimu itakuwa imevutwa upande wa kushoto, kwa hiyo legeza nusu mzunguko spoki mbili za kushoto zilizo karibu na pengo, fungua breki kidogo kama ni ya rimu, uendelee polepole hadi mjini. Kifungulio cha spoki kina uzito wa sarafu chache. Hakuna sababu ya kukiacha nyumbani.

Chakula kinawaangusha watu kuliko milima. Kati ya miji njia haipiti dukani kabisa; vijiji viko juu ya kilima, mto uko chini. Maduka mengi hufungwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, Jumapili alasiri hakuna kitu, na Jumatatu duka la mikate mara nyingi limefungwa. Mikahawa hupika mchana kati ya saa sita na saa nane. Ukifika saa nane na robo utapewa kahawa tu. Nunua mkate na jibini asubuhi kabla ya kuanza. Baadhi ya nyumba za walinzi wa malango huuza vinywaji majira ya joto, lakini usizitegemee. Maji utapata kwenye makaburi ya vijiji, kwani mengi yana bomba. Kibao kikisema eau non potable, usinywe.

Kusini ya Laval, huko Entrammes, utapita kwenye abasia ya Port-du-Salut, walikofika watawa wa Trappist mwaka 1815 na kulikozaliwa jibini lenye jina hilo. Chini zaidi ni Château-Gontier, mji mzuri wa kulala. Malazi yenye alama ya Accueil Vélo ni lazima yawe na mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya kuitengeneza, basi yaulizie hayo.

Njiani wape nafasi watembea kwa miguu. Piga kengele mapema, usisubiri uwe mgongoni mwa mtu. Angalia pia wavuvi, maana fimbo zao ndefu hulala kukatisha njia. Ukipata ajali piga 112, namba ya dharura, na utaje jina la lango la maji lililo karibu, kwa kuwa barabara yenye jina hakuna. Mtoto wa chini ya miaka 12 sheria inamtaka avae helmeti.

Nenda Mei hadi Septemba. Majira ya baridi mto hufurika na kufunika njia; tovuti ya serikali ya Vigicrues huonyesha kina cha maji, itazame kabla ya kulipa tiketi. Vuli kuna miaka ambayo maji hushushwa makusudi ili mabwawa na malango yatengenezwe, na mto hubaki tope. Njia inapitika, mandhari ndiyo inayopotea.

Baada ya Daon usijidanganye. Kuelekea Chenillé-Changé na Le Lion-d'Angers njia huacha ukingo mara kwa mara na kuingia barabara ndogo zenye magari. Mwenye watoto aishie Daon na kurudi Château-Gontier. Wengine waendelee hadi Angers, ambako Mayenne na Sarthe hukutana na kuwa mto Maine. Kisiwa cha Saint-Aubin kabla ya mji hufunikwa na maji kila yanapojaa, kwa hiyo fuata vibao vya njia mbadala. Stesheni ni Angers Saint-Laud. TGV za Paris zipo, na treni za mkoa kupitia Sablé zitakurudisha Laval kama gari lako uliliacha huko.