Maswali ya Wasomaji: Setilaiti mbili, shamba moja, majibu mawili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya udongo. Nimepakua picha mbili za eneo moja, moja ya setilaiti ya PRISMA ya Italia na nyingine ya EnMAP ya Ujerumani, zilizopigwa kwa kupishana siku tatu. Nilipochora uakisi (sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi) wa kipande kimoja cha ardhi tupu, mistari miwili haikulingana, na karibu na urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 760 mmoja wao ulichomoza kama jino la msumeno. Je, mojawapo ya setilaiti hizi ni mbovu? Na ni nani anayezihakiki zikishakuwa angani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna iliyo mbovu, na jino hilo uliloliona ndilo lenye sehemu kubwa ya jibu lako. Kwenye nanomita 760 oksijeni ya angahewa hufyonza mwanga wa jua katika ukanda mwembamba sana, kiasi kwamba kihisi (kifaa cha setilaiti kinachopima mwanga) kinachodhani bendi yake, yaani kipande chembamba cha mawimbi ya mwanga kinachopimwa, iko 760, ilhali kwa kweli iko 761, hukosea kukadiria mwanga uliofyonzwa. Programu inayoondoa athari ya hewa hurekebisha mahali pasipostahili, na kosa la nanomita moja hugeuka kuwa jino kwenye mchoro. Wataalamu huligeuza kosa hilo kuwa chombo cha kazi: kwa kuwa oksijeni haibadilishi mahali inapofyonza, huisogeza bendi kwenye hesabu hadi jino lipotee, nao wakajua kihisi kimehama kiasi gani.

Kuhama huko hakuwi sawa katika picha nzima. Kihisi cha Hyperion, kilichorushwa na Marekani mwaka 2000, kilikuwa na tofauti ya nanomita zipatazo 3 kutoka katikati ya picha hadi pembeni, kwa sababu ya mpindo mdogo katika njia ya mwanga ndani ya kifaa. Kwa hiyo angalia kwanza kama kipande chako kiko katikati ya picha zote mbili, au katika mojawapo kimeangukia ukingoni.

Jambo la pili ni upana wa bendi na nafasi kati yake. Zile za EnMAP zimepangwa kwa kuachana wastani wa nanomita 6.5 katika mwanga unaoonekana na infraredi ya karibu, na 10 katika infraredi ya mawimbi mafupi, ilhali bendi za PRISMA zina upana wa takriban nanomita 12. Usilinganishe namba kwa namba kabla ya kuzileta bendi za picha zote mbili kwenye urefu wa mawimbi na upana uleule. Pima kwanza, kisha ndipo ulinganishe. Bendi zilizo karibu na nanomita 1400 na 1900 ziache kabisa, kwani mvuke wa maji huko hufyonza karibu mwanga wote.

Sasa kuhusu uhakiki. Mizani ya sokoni hupelekewa jiwe la Wakala wa Vipimo, lakini kihisi kilicho angani hakifikiki, hivyo jiwe lake huwekwa ardhini. Mtandao wa RadCalNet, unaosaidia kuhakiki vihisi vya setilaiti kwa vipimo vya ardhini, una vituo Railroad Valley nchini Marekani, La Crau nchini Ufaransa, Baotou nchini China na Gobabeb nchini Namibia. Pale Gobabeb, kwenye uwanda wa changarawe wa jangwa la Namib, kifaa kilicho juu ya mlingoti hupima ardhi na anga, na mtandao hutoa uakisi kwa kila nusu saa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa hatua za nanomita 10. Setilaiti ipitapo juu, kila kihisi hulinganishwa na kipimo hicho kilekile. Nafurahi kwamba kimojawapo cha vituo hivyo kiko barani mwetu.

Wengine huvilinganisha vihisi viwili moja kwa moja, vinapopita juu ya jangwa moja kwa wakati unaokaribiana. Njia hiyo ni nzuri, ila vihisi viwili vinaweza kukubaliana na vyote vikawa vimekosea. Ndiyo maana kipimo cha ardhini hakina mbadala.

Tofauti itakayobaki kwako baada ya hatua hizo huenda isitokane na vihisi. Setilaiti zote mbili huweza kuinamisha jicho pembeni, na ardhi iliyolimwa huakisi tofauti inapotazamwa kutoka pande mbili. Fungua faili la maelezo ya kila picha, usome pembe ya kutazama na pembe ya jua, kisha uulize kama mvua ilinyesha katika siku zile tatu, maana udongo uliolowa huwa mweusi zaidi kuliko mkavu.