Jibu: Kibali cha Kanada kimekataliwa, niombe tena?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: uko Bukavu, umepata chuo Moncton, Kanada, kibali cha masomo kimekataliwa kwa kuwa afisa hakuamini utarudi nyumbani, na unataka kuomba tena vilevile.

Usiombe vilevile. Kwanza isome barua ya chuo: imetaja mpango wa majaribio wa wanafunzi kwa jamii za wachache wanaozungumza Kifaransa, ulioanza 26 Agosti 2024? Kongo, Burundi na Rwanda zimo. Ndani ya mpango huo hudaiwi kuthibitisha kwamba utaondoka Kanada, kwa hiyo sababu iliyokuangusha haipo tena. Barua ya mpwa wangu wa Bujumbura ilikuja bila sentensi hiyo. Tuliwaandikia watu wa udahili, wakatuma nyingine. Waandikie leo, maana nafasi zina kikomo.

Masomo yawe ya miaka 2 au zaidi, nje ya jimbo la Quebec, zaidi ya nusu kwa Kifaransa. Halafu mtihani wa Kifaransa, TEF au TCF ya Kanada: kiwango cha 5 cha NCLC (kipimo cha Kanada cha ujuzi wa Kifaransa) katika kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, vyote vinne. Tafadhali usiudharau eti kwa sababu umesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi.