Asili ya "stiff-necked" haiko kwenye kola

SWALI: Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Nimesoma kwamba "stiff-necked", yaani mkaidi, lilitokana na kola za wanga walizovaa mabwana wa Uingereza hadi wakashindwa kugeuza shingo. Niwafundishe wanafunzi hivyo?

JIBU: Hapana, mwalimu. Hadithi za namna hii naletewa kila mara, na hii inaanguka kwa tarehe tu. William Tyndale alilichapa neno hilo mwaka 1526 katika Agano Jipya lake la Kiingereza, Matendo 7:51, pale Stefano anapowakemea wakuu wa baraza. Wanga wa kukaza nguo za shingoni ulipata umaarufu Uingereza miaka ya 1560, na kola ngumu za kuvaa na kuvua ni za karne ya 19.

Tyndale alikuwa anatafsiri neno la Kigiriki, sklerotrachelos, ambalo nalo limefuata Kiebrania cha Kutoka 32:9, baada ya Waisraeli kuabudu ndama wa dhahabu. Na hapa ndipo utamu ulipo. Kiebrania kinasema hasa kisogo kigumu. Neno ni oref, lile lile lililo katika Yeremia 2:27, watu wanapompa Mungu kisogo badala ya uso. Picha inayoeleweka hapo ni ya ng'ombe anayekataa nira: Nehemia 9:29 anataja bega lililokwepa pamoja na shingo iliyofanywa ngumu. Aliyewahi kulima kwa plau anamjua ng'ombe huyo. Wanafunzi wako nao wameshakutana na maneno haya, maana Biblia ya Kiswahili inasema "watu wenye shingo ngumu". Anzia hapo.

Waambie pia kwamba ni neno la lawama, na lina harufu ya kiburi ndani yake. Aliyelala vibaya akaamka shingo imekaza, huyo ana "stiff neck" tu.

Kinachoniudhi ni hawa wauza asili za maneno, wanaotunga kisa kwa kuliangalia neno lilivyo leo, kisha kisa kinaingia kwenye vijitabu vya mitihani. Ndio hao hao wanaodai "news" ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza. Uongo. Ni wingi wa "new", na zamani liliandikwa "newes", ambayo haiingii katika dira yoyote. Kila kisa cha asili ya neno kinachokufikia, kidai mambo mawili kabla hujakipeleka ubaoni: neno liliandikwa mara ya kwanza lini, na wapi. Asiyeweza kukujibu hayo, usimnukuu darasani hata kama kisa chake kinachekesha, kwa sababu mtoto husahau kanuni ya sarufi upesi lakini kisa kitamu hukaa naye mpaka uzeeni, na atawasimulia wanawe.