Sensa ya hewa ya Kompressor haijaribiwi gari likiwa limesimama

Niligundua kwamba sensa yangu mpya ya hewa ni feki nikiwa katikati ya Mlima Kitonga, nimekanyaga mafuta hadi chini na bado nimenasa nyuma ya malori ya makontena. Gari ni Mercedes C200 Kompressor ya 2004, yaani yenye supachaja, pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini; injini ni ya M271, cc 1,796, nguvu za farasi 163. Gari la aina hiyo halipaswi kupanda mlima kwa kuomba. Lakini lilikuwa linavuta kwa shida, halafu injini ikaanza kugonga, na taa ya cheki injini ikawaka tena. Wiki moja kabla nilikuwa nimelipa shilingi 80,000 kwa sensa hiyo, na mjini Dar gari lilikuwa limetulia kabisa.

Nimeandika haya kwa sababu C180 na C200 Kompressor zimejaa mitaani kwetu sasa, nyingi zimeshatembea sana, na karibu kila wiki mtu ananiuliza anunue sensa gani.

Jibu langu linaanza na namba. Injini kama hii ikiwa sailensi, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta, inavuta takriban gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta yote kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, supachaja inasukuma hewa inayokaribia gramu 130 kwa sekunde. Sensa moja inatakiwa iseme kweli pale chini na iseme kweli pale juu, tofauti ya zaidi ya mara 30. Ndani yake kuna kipande chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita inakipoza, na kiasi cha umeme kinachohitajika kukirudishia joto lake ndicho kinachoiambia kompyuta hewa iliyoingia ina uzito gani. Kwenye gramu 3, hata sensa mbovu inaweza kusoma vizuri. Uongo unaanza juu.

Na muuzaji anakufungia uani kwake, anawasha, injini inatulia, unalipa. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Kwa gari lisilo na supachaja, sensa inayosoma pungufu inakunyima nguvu. Kwenye Kompressor ni hatari zaidi. Kompyuta inaamini hewa ni kidogo, kwa hiyo inapuliza petroli kidogo, wakati ndani ya silinda hewa ni nyingi, imeshindiliwa na ina joto. Hapo ndipo injini inagonga, na ikiendelea kugonga pistoni zinaumia. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni inasaidia kurekebisha. Ukikanyaga mafuta yote, kompyuta inategemea zaidi kile sensa ya hewa inachosema, na kama inasema uongo hakuna wa kuisahihisha kwa wakati.

Fundi mmoja mtu mzima wa Iringa ndiye aliyenifungua macho. Alichomoa soketi ya sensa, akaniambia, "Haya mdogo wangu, endesha." Likavuta vizuri kuliko lilivyokuwa na sensa! Soketi ikitolewa, kompyuta inatumia makisio yake yenyewe. Makisio yakiwa bora kuliko sensa mpya, ujue umenunua takataka. Si jaribio la kumaliza ubishi, lakini ni la bure.

Kabla hujanunua chochote, kagua mipira ya hewa. Nasisitiza hili kuliko yote, maana nimeona watu wamebadilisha sensa mbili na tatu ilhali tatizo ni mpira wa bei ndogo. Kwenye magari haya sensa ipo baada ya filta, kabla ya supachaja. Mpira ukipasuka kati ya sensa na supachaja, hewa inaingia bila kupimwa na petroli inakuwa pungufu. Ukipasuka baada ya supachaja, upande wa presha, hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje unapokanyaga mafuta, petroli inazidi, na nyuma unaona moshi mweusi. Dalili hizo mbili watu wote huzisingizia sensa. M271 ina mpira wa kupumulia wa injini uliojificha chini, ambao kwa umri huu unakuwa umekauka na kupasuka. Tazama pia soketi ya sumaku ya kemshafti, mhimili unaofungua valvu: oili hupenya pale na kutembea ndani ya nyaya hadi kwenye soketi nyingine, pengine hadi kwenye kompyuta yenyewe. Ukikuta oili kwenye soketi, sensa mpya haitakutibu.

Mipira ikiwa mizima na sensa ndiyo mbovu kweli, linganisha namba iliyoandikwa kwenye sensa yako, tarakimu zote, si jina la gari. C180 ya farasi 143, C200 ya 163 na C230 ya 192 zinaweza kuwa na cc zile zile 1,796. Usikubali maneno ya "hizi zote ni moja". Usihamishie sensa kwenye bomba la gari lingine pia. Sensa iliyopangwa kwa bomba la milimita 70 ukiiweka kwenye bomba la 76, hewa halisi inazidi kwa karibu 18% na kompyuta haina habari. Vijana wanaobadilisha puli ya supachaja ili ipige presha zaidi wanaingia kwenye shida hiyo hiyo kwa mlango mwingine: kama hawapangi upya kompyuta, waache.

Kati ya mpya ya bei ya kushangaza na yenye namba sahihi iliyotolewa kwenye gari la mtumba, mimi nachukua ya mtumba. Ya kwanza kwangu ni mpya halisi kutoka duka linalotoa risiti, kama mfuko unaruhusu. Ya mtumba isafishe kwa dawa maalumu ya sensa ya hewa, injini ikiwa imepoa, iache ikauke yenyewe. Usitumie petroli, usiguse kwa pamba, usipulize kwa upepo wa gereji. Weka na filta mpya ya karatasi. Zile filta za kupakwa oili huchafua kile kipande cha ndani.

Ukishafunga, fundi afute kwenye kompyuta marekebisho yaliyozoewa na sensa ya zamani. Kisha nenda mlimani. Mimi hutumia mpando wa Pugu asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, mwenzangu akisoma mashine ya kupimia iliyochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Kwa C200 nataka kuona namba inakaribia gramu 120 au 130 kwa sekunde, au kilo 430 hadi 470 kwa saa kama mashine yako inasoma kwa kilo. Ikigota kwenye 85, irudishe. Wa Mbeya msishtuke namba ikishuka: mpo kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yenu ni nyepesi kwa zaidi ya 15%. Baada ya siku chache za kuendesha, angalia marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yangu yalikuwa yanaongeza 22% na ile sensa feki. Sasa yapo kwenye 3%.

Mkubaliane na muuzaji kabla ya kutoa pesa kwamba utaipandisha mlimani na kuirudisha ikishindwa. Akikwambia jaribu hapa hapa uani, ondoka, nenda duka la pili.