Mchoro wa klasi 1,200 unaigandisha laptopu yangu

SWALI: Habari za kazi, kaka. Ninatunza mfumo wa SACCOS hapa Moshi, ulioandikwa kwa lugha ya Java, wenye klasi (vipande vya msimbo) 1,200. Nimepewa kazi ya kuuchora kwa UML, yaani michoro sanifu ya kuonyesha muundo wa programu. Nikiingiza msimbo wote kwenye programu ya kuchorea, iliyojengwa juu ya Eclipse (jukwaa la zana za waandishi wa programu), laptopu yangu ya RAM GB 8 inaganda. Ninunue nyingine?

JIBU: Salama, dada. Usinunue bado. Ikiganda, fungua Task Manager. Kama kumbukumbu ya programu imepanda ikagota mahali pamoja huku prosesa ikihangaika, Java imejaza nafasi iliyotengewa na muda wote inafagia ili ipate upenyo. Hilo linatibika. Kwenye folda ya programu kuna faili linaloishia na .ini, chini ya mstari wa -vmargs tafuta -Xmx, ndiyo kikomo cha kumbukumbu ya Java, weka -Xmx4096m (GB 4), kisha ifungue programu upya. Kwa GB 8 usivuke hapo. Windows nayo inahitaji nafasi, na ikibanwa itahamishia data kwenye diski, mambo yazidi kuwa mabaya.

Lakini kazi nzito hasa ni kupanga mchoro. Klasi 1,200 zina jozi 719,400 zinazoweza kuunganishwa, na programu inatafuta namna ya kupitisha mishale isikatane. Hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata mpangilio bora kabisa. Programu inakadiria tu, na mchoro ukikua makadirio nayo yanachelewa. RAM ya kuongeza haiondoi ugumu huo.

Kwa hiyo zima upangaji wa kiotomatiki kabla hujaingiza chochote, na maktaba za nje, yaani msimbo ulioandikwa na wengine kama Spring, ziache kabisa. Niliwahi kuchora mfumo wa kupokea wageni wa safari hapa Arusha. Nilipoziondoa maktaba hizo, mchoro uliokataa kufunguka ukafunguka kwenye laptopu ileile. Ficha pia get na set zote, zile njia fupi za kusoma na kubadili data ya klasi.

Halafu fikiria atakayeusoma. Anayetoka Moshi kuja Arusha muonyeshe Boma Ng'ombe, KIA na Usa River. Ukimchorea kila njia ya shambani, atapotea. Chora pakeji zote (mafungu ya klasi) kwa majina tu, kisha kila pakeji na mchoro wake.

Anza na ya mikopo, klasi zisizozidi 30. Ikiganda hata hapo, nitumie mistari ya mwisho ya faili la .log lililo ndani ya folda ya .metadata, kwenye folda programu inakohifadhi kazi zako (workspace).